Siku moja na nondo nne: kazi ya mpima maji Tabora

Saa 11:30 alfajiri betri iko mgongoni, nondo nne na waya zimefungwa nyuma ya bodaboda. Wanaoniona njiani wanasema nakwenda kutafuta dhahabu. Nimeshachoka kubisha. Mimi natafuta pa kuchimba kisima.

Saa 2 niko kijijini, wilaya ya Uyui. Kitabu cha wageni, salamu, chai. Saa 3 naanza: nondo mbili za pembeni zinapitisha umeme ardhini, mbili za kati zinasoma. Mwamba mzima unaugomea umeme, penye majimaji unapita kirahisi. Gonga, soma, ng'oa, sogeza, gonga tena, hadi saa 5.

Ndipo mwenye kutaka kisima, mzee mrina asali, akaleta kiti chake chini ya mwembe.

"Chimba hapa, mwanangu. Mama yako asiende mbali."

"Hapa jiwe liko juujuu, mzee. Halijapasuka."

"Jiwe si liko Tabora nzima?"

Kweli, sehemu kubwa ya mkoa huu imekalia itale, yaani graniti. Nikaokota kipande, nikamwonyesha punje zake.

"Asali ikiganda harakaharaka inakuwaje?"

"Laini."

"Na ikichelewa?"

"Chembe nene, kama sukari."

Nikamwambia na jiwe hili, lilipokuwa uji wa moto, liliganda polepole hivyo hivyo, chini kabisa, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita.

"Ulikuwepo?"

Nikahamia kwenye makande. Zile punje za kioo ndiyo mahindi, zile nyeupe na za waridi ndiyo maharage. Ukiyasahau jikoni, maharage yanarojeka, mahindi yanabaki. Jiwe nalo likikaa na maji ya mvua miaka na miaka, punje za waridi zinageuka udongo, za kioo zinabaki mchanga. Maji yanakaa humo kwenye rojo la mchanga, na kwenye nyufa za jiwe lililo chini yake. Chini ya mwembe makande bado mabichi.

Akaitikia kwa kichwa, akaelewa kabisa. Kisha akasema, "Basi nitafutie yaliyoiva, ila yawe hapa hapa."

Nilipima pale mara tatu. Mara tatu! Jua la saa 8, mikono imechubuka kwa nyundo, mbuzi wamekanyaga waya umeng'oka, na mzee kitini ananihesabia. Mahali pazuri palikuwa mita 60 kushuka kuelekea mbugani. Alipokubali, akataka niandike kwamba maji yapo. Siandiki hivyo. Mashine haioni maji, inasoma umeme tu, na hata udongo wa mfinyanzi mtupu unaupitisha vizuri. Niliandika, "Panafaa kujaribiwa." Aliisoma karatasi ile kama mtu aliyeuziwa asali yenye maji.

Sijui kazi iliisha saa ngapi. Kuku walikuwa wameshaingia bandani. Akanifungashia asali chupa ya soda, bila neno.

Nyumbani nikashusha mzigo, nikahesabu nondo. Tatu. Ya nne iko chini ya mwembe.