Huruma iwe kwenye uhai, si kwenye sifa

Kila kundi linalotaka kuanzisha kampeni ya mtindo wa zamani ya mchezo wa kuigiza wahusika (mfululizo wa safari za kubuni zinazochezwa mezani kwa dadu), liwe Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, hukwama mahali pale pale: dadu tatu au dadu nne? Yaani zile sifa sita za mhusika (nguvu, akili, busara, wepesi, siha na haiba) tuzipate kwa kurusha dadu 3 za pande sita na kujumlisha, au turushe 4 tuiache iliyo ndogo? Jioni nzima huishia kwenye ubishi huo, na wakati huo hakuna aliyeuliza mhusika ataingia pangoni na pointi ngapi za uhai. Hapo ndipo wahusika wapya wanapofia.

Hesabu nitakazotumia ni za toleo la mwaka 1981 la Dungeons & Dragons, lile jepesi, kwa kuwa kanuni nyingi za mtindo wa zamani zinazochezwa leo zimejengwa juu yake. Dadu 3 hutoa wastani wa 10.5, na 18 hutoka mara 1 katika 216. Dadu 4 ukiacha ndogo, wastani hupanda hadi 12.24, na 18 hutoka karibu mara 1 katika 62. Tofauti inatisha mpaka ulitazame jedwali la nyongeza, yaani namba ambayo sifa inakuongezea au kukupunguzia unaporusha dadu. Kuanzia 9 hadi 12 hupati kitu. 13 hadi 15 ni +1, 16 na 17 ni +2, 18 ni +3. Kushuka ni vivyo hivyo: 6 hadi 8 ni −1, 4 na 5 ni −2, na 3 ni −3. Kwa hiyo mwenye nguvu 9 na mwenye nguvu 12 wanapiga sawasawa. Tena kwa dadu 3 tu, zaidi ya wahusika 8 katika kila 10 hupata angalau sifa moja ya 13 au zaidi.

Dadu 4 zina kwao. Ziliwekwa kwenye kitabu cha msimamizi (anayeendesha mchezo) cha mwaka 1979, cha lile toleo zito, ambamo nyongeza za mapigano na za uhai huanza kwenye 15 au 16. Kule mtu wa kawaida asingeonja nyongeza hata moja, ndiyo maana wakaongeza dadu. Ukizichukua dadu 4 za kule ukazileta kwenye jedwali la 1981, ambalo huanza kulipa kwenye 13, umemlipa mtu mara mbili. Baada ya mwezi mmoja msimamizi atalalamika kwamba majini na mazimwi yake hayamtishi mtu.

Ninachoshauri ni dadu 3, kwa mfuatano, kisha ruhusa ya kubadilishana sifa mbili mara moja tu. Kwa mfuatano maana yake mrusho wa kwanza ni nguvu, wa pili akili, na kuendelea bila kupanga upya. Anayetaka kuwa mwizi na amepata wepesi 7 na busara 14, anazigeuza, basi, amekuwa mwizi mzuri asiye na busara. Ukiruhusu kupanga ovyo, wapiganaji wote sita watafanana: nguvu juu, siha inafuata, haiba imetupwa mwisho kama maganda.

Na haiba ndiyo sifa inayoonewa kuliko zote, wakati katika kanuni hizi ina kazi kubwa. Inaamua mhusika anaweza kuwa na wafuasi wangapi wa kukodi, na watavumilia kiasi gani kabla ya kutimua mbio. Haiba 9 hadi 12 inakupa wafuasi 4 wenye uthabiti wa 7. Haiba 3 inakupa mmoja mwenye uthabiti wa 4. Haiba 18 inakupa 7 wenye uthabiti wa 10. Jaribio la uthabiti ni dadu 2, na ukizidi namba yako umekimbia. Mwenye 7 hubaki mara 21 katika 36. Mwenye 4 hubaki mara 6 tu. Waelezeeni wachezaji kwa mfano wa karibu: misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa ilitembea kwa miguu ya wapagazi. Kiongozi ambaye wapagazi hawamtaki hana msafara, ana mizigo imelala njiani. Watakaoelewa hilo hawataitupa haiba tena.

Wekeni pia kanuni ya kutupa karatasi ya mhusika, mapema, kabla dadu haijaguswa. Mimi ningesema hivi: sifa zote zikiwa 8 kushuka chini, au mbili zikiwa 5 kushuka chini, mchezaji anaruhusiwa kuanza upya. Anaruhusiwa, halazimishwi, maana wapo wanaopenda mtu dhaifu, na mara nyingi ndio wanaocheza kwa akili zaidi.

Sasa uhai. Mpiganaji hurusha dadu ya pande 8, kuhani 6, mwizi na mwanasihiri 4. (Natumia mwanasihiri kwa makusudi. Neno mchawi huku kwetu si la kutamka kwa sauti kwenye baraza la mtu huku wazee wanapita.) Ukifika sifuri umekufa. Adui wa kawaida wa daraja la kwanza (ngazi ya kuanzia) hupiga kwa dadu ya pande 6. Fanya hesabu: mpiganaji aliyerusha dadu yake ya 8 kama ilivyo, bila nyongeza ya siha, pigo moja linalompata lina karibu asilimia 44 ya kumuua. Mwanasihiri ni asilimia 75. Hiyo ni kali mno kwa mtu ambaye ametoka kujifunza jina la mhusika wake.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kumpa kila mtu uhai kamili wa dadu yake katika daraja la 1. Mpiganaji anakuwa na 8, na hakuna pigo moja la dadu ya 6 litakalomwangusha. Mwanasihiri ana 4, na hatari yake inashuka hadi nusu kwa nusu. Ya pili ni kurudia mrusho wa uhai kila ikitoka 1 au 2, mpaka ipite hapo. Kwa njia hii mpiganaji anabaki na hatari ya asilimia 28 hivi, mwanasihiri 58. Mimi naichagua ya pili kwa kundi lililozoea, kwa sababu mpiganaji mwenye 8 ya bure huacha kufikiri, anaingia chumbani kifua mbele, na anayekufa ni mwenye taa aliye nyuma yake. Kwa wageni kabisa, toeni uhai kamili. Ila chagueni moja. Ukitoa uhai kamili, na dadu 4, na kupanga sifa ovyo, kilichobaki si mtindo wa zamani tena.

Kuhusu dadu zenyewe: za pande sita zinapatikana, zimo kwenye kila ludo. Za pande 4, 8 na 20 hutazipata dukani. Hilo halijawahi kuzuia mchezo. Mwaka 1979 hata waliokuwa wakiuchapisha huko Marekani waliishiwa dadu wakatia vipande vya namba ndani ya boksi badala yake. Huku tuna komwe za bao. Chukueni komwe 20, ziandikeni namba kwa rangi ya kucha, ziacheni zikauke usiku kucha, ziingizwe kwenye kifuko cha kitambaa kizito. Wino wa kalamu hauchukui, komwe ni laini mno juu, utafutika siku ya pili. Pigeni mstari chini ya 6 na 9. Chagueni zinazolingana ukubwa, kwa sababu kidole hujifunza haraka: komwe moja ikiwa bapa kuliko nyingine, ndani ya wiki tatu mtu ataijua kwa kuipapasa hata bila kukusudia. Na kila iliyochomolewa irudishwe kabla ya mwingine kuchomoa. Kosa la kusahau kurudisha ndilo linaloharibu uwezekano wote, na halionekani mpaka mtu atafute 20 siku nzima na kumbe imelala mezani chini ya daftari. Kwa dadu ya 8 tengeni komwe 1 hadi 8 kwenye kifuko kingine. Ya 4, vivyo hivyo.

Manunuzi ya vifaa ndiyo yanayomeza muda. Kila mhusika huanza na sarafu za dhahabu, jumla ya dadu 3 mara 10, wastani 105, na ukiwaachia watu sita orodha ya bei mmoja mmoja, saa nzima imekwenda. Andaeni furushi moja la lazima: mfuko wa mgongoni 5, mienge sita 1, kiwashio cha moto 3, kiriba cha maji 1, chakula cha wiki 5, kamba 1. Jumla 16. Kila mtu akate 16 kwanza, ndipo afikirie silaha. Mwenye bahati mbaya kabisa, aliyepata 30, anabaki na 14: mkuki 3, ngao 10, na sarafu moja mfukoni. Anaweza kucheza. Mwenye 105 anabaki na 89, ananunua deraya ya minyororo kwa 40, ngao, upanga wa 10, na bado ana 29 ya kukodi mbeba mwenge.

Ile nyongeza ya pointi za uzoefu kwa mwenye sifa kuu ya juu, asilimia 5 au 10, iondoeni. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika daraja la 2. Kumharakisha mmoja afike kwa 1,819 hakumfaidii kiasi cha kustahili kupiga hesabu za asilimia kila wiki umeme ukiwa umekatika.

Jambo la mwisho linahusu kalenda ya huku. Oktoba ikifika, korosho zinaita. Watu wanakwenda Tandahimba, Newala, Masasi, wanarudi baada ya wiki kadhaa, wengine baada ya miezi. Kampeni inayodai mhusika mwenye historia ya kurasa tatu itakufa msimu huo. Kwa hiyo siku ya kwanza kila mchezaji aunde wawili: mmoja wa kucheza, mmoja wa akiba. Kwa kanuni hizi mmoja huchukua kama robo saa. Karatasi za akiba zikae kwenye bahasha moja kwa msimamizi, na kanuni zote mlizokubaliana ziandikwe ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, tarehe juu, ili anayerudi kutoka shambani asiambiwe mambo kwa mdomo.

Wa akiba aingie daraja la 1, hata wenzake wakiwa la 3. Watu huona ni uonevu, lakini pointi huongezeka maradufu kila daraja: mpiganaji wa daraja la 3 ana 4,000 na anahitaji 8,000 kufika la 4. Mkigawana sawa, siku anayofika la 4, mgeni aliyeanza na sifuri ana 4,000, ameshakuwa daraja la 3. Ugumu ni safari mbili tatu za mwanzo, na hizo atembee katikati ya msafara, abebe mwenge.