Kiswahili cha Sokoni, Kifaransa cha Ofisini: Mtanzania Akiwa Lubumbashi

Mtanzania anayehamia Lubumbashi huja na tumaini kwamba katika mambo yote yatakayomsumbua, lugha haitakuwamo. Kwa sisi mawakala wa forodha tumaini hilo lina thamani ya fedha, kwa sababu mizigo yetu hutoka bandari ya Dar es Salaam, hupita Tunduma na kuivuka Zambia, kisha huingia Kongo kwenye mpaka wa Kasumbalesa, takriban kilomita 90 kutoka mjini, ambako kila karatasi ina mtu wa kuelewana naye. Mchina anayekuja kufanya kazi migodini huja na mkalimani, kwa kuwa anajua kabisa kwamba hataelewa wala hataeleweka. Sisi hatuji na mkalimani, na kwa maoni yangu matatizo yetu huanzia hapo.

Kisa ninachokiona mara kwa mara ni hiki. Dereva wa Kitanzania anaingia ofisini, anamwamkia ofisa kwa adabu yote aliyofunzwa kwao, "Shikamoo mzee, pole na kazi," na ofisa anamjibu kwa Kifaransa bila kuinua macho. Dereva anatoka akinung'unika kwamba Wakongo wana majivuno na wanaikana lugha yao wenyewe. Hata hivyo, muda si mrefu utamkuta ofisa yuleyule nje, akibishana bei ya makayabo, samaki wa chumvi, na mama muuzaji kwa Kiswahili kitamu cha hapa, wote wawili wakicheka. Lugha anayo. Alichokisikia mle ndani ni mgeni anayemsemesha mbele ya wasaidizi wake kana kwamba wako sokoni. Dereva alitoa heshima, ofisa akapokea dharau, na kila mmoja akabaki na hakika kwamba ni yeye aliyekosewa.

Jambo hili ni gumu kwetu kulielewa kwa sababu Tanzania tumezoea Kiswahili kilichoketi juu. Ni lugha ya Bunge, ni lugha ya shule za msingi, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili kiwe pia lugha ya mahakama. Huku Katanga, eneo la Kongo lenye mji wa Lubumbashi, historia ilikwenda vingine. Kiswahili kilifika huku karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara na watu wa Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajijengea dola lake Bunkeya (huwaambia wenyeji kwamba huyo ni mtu wa kwetu Tabora, nao hunijibu kwamba nimechelewa kumdai). Baadaye Wabelgiji waliuanzisha mji huu mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na kampuni ya migodi ya Union Minière ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia, Rwanda na Burundi, ambao kila kundi lilikuja na lugha yake. Kiswahili kikawa lugha ya msimamizi anapotoa amri na ya wafanyakazi wanapozungumza kambini, wakati Kifaransa kilikuwa lugha ya shule, ya faili na ya kupandishwa cheo. Katiba ya mwaka 2006 bado inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Chiluba. Mtoto wa hapa hujua mapema kwamba kuna lugha ya kutaniana na kuna lugha ya kujulishia kwamba wewe ni mtu fulani, na anapoishika hii ya pili hana nia ya kuitupa ile ya kwanza.

Kutoelewana huku kuna upande wa pili. Kiswahili chetu sanifu, tunachokiona kuwa cha kawaida, hapa kinafanana na kile cha Biblia na cha mimbarini. Ninaishi katika komini, yaani sehemu ya mji, ya Kenya, ndiyo, inaitwa hivyo, na jina hilo limewachekesha wageni wangu wengi kutoka Nairobi. Nilipohamia, mizaha ilikuwa ikikatika kila nilipoketi na majirani, hadi mama mmoja aliponieleza sababu: "Papa, weye unasemaka kama padri." Wala hakuwa akinisifu.

Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wenzangu wengi walisema kwamba sasa lugha moja itatufungulia njia. Imetufungulia, lakini kwa masharti ambayo hayakuandikwa kwenye mkataba wowote. Mawakala waliokaa hapa muda mrefu huingia ofisini na "Bonjour, chef," hata kama Kifaransa chao kinaishia papo hapo, kisha husubiri. Mara nyingi ofisa mwenyewe ndiye anayehamia kwenye Kiswahili, na akishahama kwa hiari yake mambo hulainika, kwa kuwa lugha hiyo sasa ameitoa yeye kama ukarimu. Wapo wanaosema kwamba kufanya hivyo ni kuipigia magoti lugha ya mkoloni. Hoja hiyo naiheshimu, na ningependa isemwe Dodoma kwenye mikutano, lakini wanaoisema hawana lori lililosimama Kasumbalesa.

Lililobaki ni saa. Wengi hapa hutaja saa kwa Kifaransa, wakihesabu kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Mwenyeji anapomhurumia mgeni na kuitaja kwa Kiswahili, hakuna ajuaye ametumia hesabu ipi, na juu ya hayo Dar es Salaam imetangulia Lubumbashi kwa saa nzima. Kwa hiyo mapatano yetu yote ya kupakua mizigo sasa tunayaandika kwa tarakimu, 14:00 au 08:00, na pembeni tunaongeza maneno "saa za Lubumbashi".