Sifuri zilizopotea kwenye ripoti ya marejesho
Jana jioni nilitoa ripoti ya marejesho ya mikopo ya chama chetu cha akiba kwenye programu ya uhasibu, nikaihifadhi kama faili la CSV (faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato) na kulifungua moja kwa moja kwa Excel ili niwatumie wajumbe wa kamati. Mwanachama namba 00457 akawa 457, na kila namba ya akaunti yenye tarakimu 16 ikaishia na sifuri, kwa kuwa Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Iliniuma, maana hizo ni fedha za watu. Nililiingiza upya faili lile lile kwenye Excel, safari hii nikizitaja safu hizo mbili kuwa za maandishi kabla ya kupakia, na mistari yote ikaingia ikiwa kamili.