Nilivyojifunza kuwapiga picha wanangu wakicheza

Picha zangu za utotoni ni chache, na zote za studio: nimesimama wima na nguo ya Idi, macho yamenitoka. Nazipenda, lakini hakuna hata moja inayonionyesha nikicheza. Wanangu nilitaka wawe nazo.

Kilichonisaidia kuliko yote ni kutowaita. Mtoto akisikia jina lake ananyooka, anatoa meno, na mchezo unakatika. Kwa hiyo nakaa uani na kazi zangu, kamera ikiwa shingoni, mpaka wanisahau. Hapo ndipo napiga magoti, au nalala chini kabisa, lenzi iwe sawa na macho yao. Ukipiga umesimama utapata utosi tu. Kwenye rede naweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde, maana anayekwepa mpira huruka ghafla. Kwenye mdako 1/250 inatosha: uso umetulia, na kijiwe kilichorushwa juu kikipata ukungu kidogo, mwendo wake unaonekana.

Jua la Tanga halina mchezo. Saa sita mchana linapiga kutoka utosini, na macho ya watoto yanageuka mashimo meusi, kwa hiyo saa hizo nawapigia kibarazani au chini ya mwembe. Mwanga mzuri huja kuanzia saa kumi na moja jioni, nao haukai. Huku karibu na ikweta jua huzama upesi.

Tena kuna ngozi. Wanangu ni weusi, na ukuta wetu umepakwa chokaa. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, nyuso zikapotea. Naongeza mwanga hadi +1, yaani mara mbili ya ule kamera iliojichagulia. Kwenye simu nagusa uso wa mtoto, kisha napandisha ile alama ya jua. Ukuta ukiungua kwa weupe, uungue. Mimi nataka kuliona jasho la puani. Programu za kulainisha ngozi sizigusi: kovu la gotini ni lake, libaki.

Picha za kuoga na za kulia siziweki mtandaoni, na watoto wa jirani wakionekana, mama yao anaona kwanza.

Ninayoipenda zaidi ni ya kitindamimba wangu akihesabu kwenye kombolela: amefunika macho kwa viganja, ila kidole kimoja amekiachia achungulie. Nimeichapisha sentimita 10 kwa 15, nyuma nikaandika tarehe, jina la mchezo na waliokuwa wamejificha.