Na Watoto Je?

Somo: Maombolezo 4:1–10

Wapendwa katika Bwana, binti mmoja wa kidato cha pili katika ushirika wetu amesoma kitabu cha historia ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na alipoombwa maoni yake kwenye kipindi cha vijana alisema kwamba kitabu ni kizuri, ila kimewapendelea wenye silaha. Kinasimulia kwa kirefu mashamba ya pamba ya Umatumbi, dawa ya Kinjeketile kule Ngarambe na wakuu wa Wangoni walionyongwa Songea mwaka 1906, lakini njaa, iliyoua watu wengi kuliko risasi, imepewa kurasa chache tu. Pembeni mwa ukurasa mmojawapo alikuwa ameandika kwa penseli: “Na watoto je?”

Mzee mmoja alimjibu kwa upole kwamba vitabu vya historia ndivyo vilivyo. Mimi naona binti ana hoja, tena Maandiko yanamuunga mkono. Njaa ile haikuletwa na ukame: majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, maghala na mazao yaliyokuwa bado shambani, na Kapteni Wangenheim aliandika waziwazi kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri. Kwa hiyo anayevisimulia vita vile akaipita njaa harakaharaka, ameiacha silaha iliyoua kuliko zote.

Mwandishi wa Maombolezo hakuipita. Yerusalemu ilipoanguka mbele ya Wababeli angeweza kutuorodheshea majemadari, lakini sura ya nne inakaa na mtoto anyonyaye ambaye ulimi wake umegandamana na kaakaa kwa kiu, na wadogo waombao chakula pasipo wa kuwamegea; na mstari wa tisa unathubutu kusema kwamba waliouawa kwa upanga wana heri kuliko waliouawa kwa njaa. Hayo yote yamesemwa mbele za Mungu, ndani ya sala, bila kupunguzwa makali.

Nasi watu wa kanisa tuna upendeleo wetu. Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa Agosti 1905 akiwa safarini kwenda Peramiho, tunamkumbuka kwa jina, na ni haki. Ila waliokufa njaa katika nchi ileile aliyoitumikia hatuwaombei hata kwa ujumla wao. Juma hili tusome sura hiyo kwa sauti nyumbani, watoto wakiwepo, na wenye wazee wa kusini wawaulize walisimuliwa nini kuhusu njaa ile.