Nilivyomsoma Sipriani wa Karthago kwa kuanzia barua zake

Jina lake Wakatoliki tunalisikia katika Sala ya kwanza ya Ekaristi, baada ya Kornelio na kabla ya Laurenti, kisha linatupita. Jumuiya yetu iliponiomba niandae somo juu yake kwa sikukuu ya 16 Septemba, nilikuta maelezo mengi yanarudia mambo yale yale: mwalimu wa ufasaha, akabatizwa ukubwani, akawa askofu wa Karthago, katika Tunisia ya leo, akakatwa kichwa mwaka 258. Ni kweli yote, lakini humo hukutani na mtu.

Nikaamua kuacha vitabu vyake kwanza na kuanza na barua. Zimebaki 81, baadhi zikiwa za watu wengine waliomwandikia. Atakayejaribu ajue kwamba namba zake hutofautiana kati ya chapa moja na nyingine, kwa hiyo daftarini niliandika nani anamwandikia nani, na pembeni Kaisari wa wakati huo alikuwa ameamuru nini. Safu hiyo ya pembeni ndiyo iliyonifungulia kila kitu.

Mwaka 250 amri ya Kaisari Decius ilimtaka kila mtu atoe sadaka kwa miungu na apewe hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi walitoa. Wengine walinunua hati bila kugusa ubani. Sipriani alijificha. Mapadre wa Roma, ambao askofu wao Fabiano alikuwa ameuawa, waliwaandikia mapadre wa Karthago barua yenye kijembe kuhusu mchungaji wa mshahara anayekimbia mbwa mwitu. Sipriani akairudisha Roma, akiuliza kwa upole kama kweli ni yao, maana haikutaja wazi mwandishi, na mwandiko, maneno na hata karatasi yenyewe vilimtia shaka. Hapo nilicheka peke yangu. Baadaye akawaeleza kwa nini aliondoka, akaambatanisha nakala za barua 13 alizoandika akiwa mafichoni, kuonyesha kwamba kazi haikusimama. Mimi alinishawishi, ingawa kwenye jumuiya mzee mmoja alikataa katakata: mchungaji habanduki.

Tukabishana zaidi kuhusu walioanguka, yaani Wakristo waliotoa sadaka au kununua hati. Waliofungwa kwa ajili ya imani walikuwa wakiwaandikia vikaratasi vya kuwaombea warudishwe, na vingine vilisema tu fulani apokewe "pamoja na watu wake". Sipriani anauliza: hao watu wake ni wangapi? Ishirini? Thelathini? Nikiwa nimeshayasoma hayo, kitabu chake cha mwaka 251 juu ya walioanguka, ambacho mwanzoni kilinionekana kikali mno, nilikielewa kama neno la mtu anayetafuta njia kati ya wanaosamehe bila toba na wanaofunga mlango kabisa, kama padre Novatiano kule Roma.

Barua iliyopendwa zaidi jioni ile ni fupi na haihusu mateso. Mwigizaji mmoja ameacha jukwaa baada ya kuongoka, lakini bado anawafundisha vijana kuigiza. Sipriani anasema aache. Kama ni umaskini, Kanisa limlishe pamoja na wahitaji wengine, na kama kanisa la kule halina uwezo, aje Karthago apewe chakula na mavazi. Nyingine ilisindikiza sesterti 100,000 (sarafu za Kirumi) za mchango wa kuwakomboa mateka wa Numidia, jimbo jirani. Mhazini wetu aliomba isomwe mara ya pili.

Maisha yake yaliyoandikwa na Ponsio, shemasi wake, niliyaweka mwisho kwa makusudi. Ponsio anampenda mno askofu wake, na ukianza naye utamwona Sipriani kwa macho yake tu.

Mgogoro wa Sipriani na Papa Stefano juu ya waliobatizwa na wazushi niliueleza bila kuulainisha. Mwaka 256 maaskofu 87 walikutana Karthago na kukubaliana naye kwamba ubatizo huo si kitu. Kanisa la Magharibi baadaye lilifuata msimamo wa Roma, kwamba watu hao hawabatizwi tena. Swali lililofuata lilikuwa la haki kabisa: basi mbona bado tunamtaja altareni? Nilijibu kwamba Sipriani mwenyewe, akifungua mkutano ule, alisema hawamhukumu wala kumtenga yeyote mwenye mawazo tofauti. Mzee wa mchungaji-habanduki akaomba nimwachie ukurasa huo akausome nyumbani.