Mzigo wa Bonga

Barabara ya Dodoma kwenda Babati nilishaipita mara nyingi kwa basi, na mara zote nilikuwa nimesinzia au nimebanwa siti ya katikati. Miji ya njiani niliijua kwa sauti ya kondakta tu: Zanka, Mayamaya, Chemba, Kondoa, Kolo, Bereko. Julai 2019 nikapata likizo fupi, shemeji akaniazima gari lake dogo, nikaamua kuipita njia hiyo peke yangu, mdogo mdogo, nisimame popote moyo utakapotaka.

Lami ilikuwa bado changa, imezinduliwa Aprili 2018, kilomita 251 kutoka mji hadi mji. Wenye haraka sasa huzimaliza asubuhi moja. Zamani ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na abiria walijua kwamba kusukuma basi ni sehemu ya nauli.

Pale Chemba nilisimama kunywa chai. Mama aliyekuwa akikaanga vitumbua alichungulia ndani ya gari, akaona viti vitupu.

"Uko peke yako, baba? Au unawahi msiba?"

Nikamwambia hapana, natembea tu, nataka kuona watu. Hakucheka. Alinivutia kigoda, akaniambia kama ni watu nawataka basi nisikae garini, nikae pale. Nilikaa hadi jua likapanda. Kila aliyekuja kununua alinisalimia, akauliza natokea wapi, na mama akajibu kwa niaba yangu kama vile tumejuana miaka.

Kondoa mjini nilipita haraka, ilikuwa siku ya pilikapilika. Nilichotaka kuona kwa hamu ni michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilisimama Kolo kwenye ofisi ya mambo ya kale, nikalipa, nikapewa mwongozaji, kisha tukaacha lami kuelekea Mungomi, kwenye miamba yenye michoro. Wakati tunaondoka, mzee mmoja mwenye kofia na koti zito akainua fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mnaelekea Mungomi? Nisogezeni kwangu, ni njiani."

Akapanda mbele. Mwongozaji akahamia nyuma bila kuambiwa.

Michoro yenyewe inahitaji utulivu. Macho yakishazoea ukuta ndipo watu wanaanza kujitokeza, wembamba, warefu, wa rangi nyekundu, vichwa vyao kama vimefungwa vitu, na pembeni wanyama. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951. Mwongozaji alituambia wenyeji bado hufika pale kwa matambiko ya mvua na uganga. Niliuliza maswali mengi. Lakini nikikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni yule mzee, maana tulipompitia wakati wa kurudi alikuwa anatusubiri kando ya njia.

"Umeona ya kale," akasema. "Njoo uone na ya kwetu."

Alinipeleka nyuma ya shamba lake la mbaazi. Kulikuwa na korongo ambalo ukiteremsha lori ndani yake hulioni tena. Kingo zake zilikuwa nyekundu, zimekatika wima, na mizizi ya mti mmoja ilining'inia hewani bila udongo wa kushika. Chini, pale ambapo ungetarajia mchanga mtupu, palikuwa na majani ya tembo yaliyosimama kuliko mtu, na miti minene. Alichukua bonge la udongo ukingoni, akalisaga kiganjani, akanionyesha likimwagika kama unga.

"Mvua ilikuwa inabeba hivi. Shamba la babu yangu liko Bahi huko, kwenye mbuga. Maji yamelipeleka."

Nilikuwa nimesoma juu ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973. Walichimba makinga maji, wakapanda miti. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itolewe kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Watu wabaki, ng'ombe waende. Kwenye maandishi hilo ni sentensi moja. Mzee alikuwa kijana aliyeoa karibuni, na kwake ilikuwa asubuhi yenye saa na majina ya ng'ombe.

Mdogo wake ndiye aliyewaswaga kwenda kaskazini, kwa mjomba wao aliyekuwa Bonga, upande wa Babati. Alikuwa aende kuwakabidhi tu, kisha arudi kuvuna. Kufika huko ikaonekana mjomba hana mtu wa kuchunga, akabaki msimu, akaoa Mgorowa, mwanamke wa kabila la huko, akabaki moja kwa moja. Nyumbani baba yao aliendelea kuamka alfajiri na kufagia zizi lisilo na kitu.

"Miezi," mzee alisema. "Mama akimwambia acha, anasema zizi haliachwi chafu."

Nikamuuliza kama walikosea kuwatoa. Alifikiri kwanza.

"Ardhi imerudi. Macho yako yameona. Na mzee wangu alikufa hajawahi kunywa tena maziwa ya ng'ombe wake. Yote mawili yaandike."

Ndiyo maana nayaandika. Mradi ule unasifiwa, na sifa hiyo ni ya haki, mimi mwenyewe nimesimama juu ya lile korongo nikaona kijani chini yake. Lakini anayeutaja bila kutaja zizi lile ameacha nusu ya kazi iliyofanyika, tena nusu iliyofanywa na wenyeji.

Nilipoaga aliniuliza nalala wapi. Babati, nikasema. Akaingia ndani, akatoka na kiroba cha ulezi kilichofungwa kwa katani na dumu dogo la asali.

"Bonga ni kabla ya Babati. Ukifika stendi, muulize yeyote."

Namba ya simu hakunipa, na haikuhitajika. Nilipunguza mwendo kwenye kona za Bereko kwa sababu ya asali ile tu, nimeishikilia na mkanda wa siti ya mbele. Bonga nilifika jua linazama, na kijana wa kwanza wa bodaboda niliyemuuliza aliwasha pikipiki, akanitangulia hadi mlangoni.

Mdogo mtu alikuwa mrefu kuliko kaka yake. Alipokea kiroba, akakipima kwa mkono, akajua kimetoka wapi kabla sijafungua mdomo. Hakuuliza kwanza habari za mtu.

"Korongo limefika wapi?"

Nikamwambia limesimama, lina majani, lina miti. Akaita mke, akaita wanawe, nikarudia mbele yao wote. Kisha akampigia kaka yake, akaweka sauti kubwa, wakaanza kubishana kwa Kirangi huku watoto wakicheka. Mmoja akanitafsiria: baba anasema ulezi wa mwaka huu ni mwembamba, na kaka yake anajibu kwamba anayetegemea ng'ombe hajui ulezi.

Walikataa katakata niende Babati usiku ule. Asubuhi mwenyeji wangu alinipitisha zizini, akanionyesha ng'ombe mmoja mmoja na kunitajia mama yake na bibi yake, akirudi nyuma hadi wale alioondoka nao Kolo kwa miguu. Halafu akanikabidhi chupa ya samli, imefungwa kitambaa mdomoni.

"Hii ya kaka."

Nilikuwa nimepanga kuendelea Babati na kurudi Dodoma kwa njia ya Singida, nione na upande ule. Nikaiweka chupa kwenye siti ya mbele, nikaifunga mkanda, nikageuza gari kuelekea Kolo.